TAA ILIYOFUNGWA MACHO



Jumatatu iliyopita gari linalotubeba sisi tunaolala Busia na kufanya kazi Malaba lilikuja asubuhi likiwa na kitu kipya. Si matairi, maana hayo tumeyaomba mpaka tumechoka. Kitu kipya kilikuwa kipande cha mkanda mweusi, ule wa kufungia nyaya za stima, kimebandikwa katika dashibodi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Tukamwuliza dereva, "Ndugu, hii nini?" Akanyamaza mpaka tulipopita Alupe, kisha akasema, "Nimeambiwa niifunge macho ile taa. Gari linakwenda ukaguzi."

Tangu siku hiyo hatukuzungumza jambo jingine garini. Sasa twaona yafaa jambo hili lisomwe na kila mwanachama, wa stesheni, wa njia na wa mabehewa, na lisomwe pia na madereva ambao si wa chama chetu lakini sisi ndio mzigo wao kila siku.

Wengi wetu tumeiona taa ile pasipo kujua jina lake. Ina picha ya mtu aliyeketi, na mbele ya kifua chake kuna duara kama mpira. Ndiyo taa ya mfuko wa hewa, ambao mafundi wa huku huuita eabegi. Ndani ya usukani, na ndani ya dashibodi mbele ya abiria, umekunjwa mfuko wa kitambaa. Gari likigonga kwa nguvu kwa mbele, kipimo kinapeleka habari kwa umeme, baruti ndogo inawaka ndani ya kopo la chuma, na hewa yake inaujaza mfuko kwa muda wa sehemu kama 3 katika 100 za sekunde. Hata jicho halijapepesa. Mfuko unakipokea kichwa na kifua visipige usukani. Na katika magari mengi chombo hicho hicho ndicho kinachoukaza mkanda wa kiti wakati ule ule.

Dereva anapofungua swichi, taa ile yapasa kuwaka kwa sekunde sita hivi, kisha izimike. Ikifanya hivyo, ni kusema chombo kimejikagua na kujiona kizima. Isipowaka kabisa kuna kasoro. Ikiwaka na kukaa kuna kasoro. Ikizimika, kisha ikawaka tena njiani, kuna kasoro vilevile, na hii ya mwisho ndiyo ya gari letu. Yawaka karibu na Adungosi, yazimika kabla hatujafika Malaba. Siku mbili kimya, siku ya tatu yawaka mara nne.

Sasa sisi watu wa reli tuna neno la kusema hapa, wala si kwa kiburi. Mwaka 1889 kule Armagh, katika Ireland, treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao waliokuwa wakienda matembezi ilishindwa kupanda mlima. Wakaikata vipande viwili. Mabehewa ya nyuma yakarudi chini peke yake yakagonga treni iliyokuwa ikija, na watu 80 wakafa. Breki zao zilikuwa za namna ambayo bomba likikatika breki huachia. Mwaka ule ule Uingereza ikatunga sheria kwamba treni za abiria ziwe na breki za namna nyingine: bomba likikatika, breki hukamata zenyewe. Ndiyo namna tunayoijua sisi hata leo. Bomba la breki likipasuka kati ya Bungoma na Malaba, treni husimama, apende dereva asipende. Kuharibika kwenyewe ndiko kunakotuokoa.

Mfuko wa hewa hauko hivyo. Kazi yake yote ni ya nukta moja ambayo haijafika, na labda haitafika kamwe. Ukifa leo, gari linakwenda vilevile, redio inaimba vilevile, na abiria wanasinzia vilevile. Kitu kimoja tu kilichopewa kazi ya kutuambia kwamba umekufa, nacho ni ile taa ndogo. Haina msaidizi. Basi anayeibandika mkanda mweusi hakuondoa usumbufu wa taa, ameondoa mlinzi wa pekee aliyekuwa zamu.

Pale Malaba, mabehewa yanapokabidhiwa kwenda Uganda, mkaguzi wa mabehewa hupita ubavuni mwa treni akigonga na kuchungulia. Akiona kasoro, behewa hubandikwa kadi ya ugonjwa na kutengwa. Mwenye mzigo hulia, karani hulia, simu hupigwa, na behewa halitoki. Katika miaka yetu yote kazini hatujamwona mtu akibandua kadi ili behewa lipone. Angeonekana mwenda wazimu. Lakini kwa gari linalobeba watu jambo lile lile laitwa ujanja, na fundi anayelifanya hupewa chai.

Neno tulisikialo zaidi ni hili: "Si yawaka na kuzimika? Basi siku ya ukaguzi itakuwa imezimika." Twajibu hivi. Taa ya ishara ya reli ikizimika, au ikiwa inawaka vibaya isieleweke, hatuihesabu kuwa ruhusa ya kupita. Twaihesabu kuwa inatuzuia, mpaka itakapothibitika vingine. Hatusemi, "Jana ilikuwa kijani, basi twende." Kosa linalokuja na kuondoka ni baya kuliko lile lililokaa, kwa sababu lililokaa kila mtu analijua, bali hili laja na kuondoka kama mgeni asiyejulikana atalala wapi. Waya ulioachana saa mbili na kugusana saa tatu, nani atakayeuapia kwamba utakuwa umegusana saa ile lori litakapotokea mbele? Tena vitabu vya magari vyenyewe vyaonya kwamba taa ikiwaka, mfuko huenda usifunguke katika ajali, au ufunguke wakati usiotakiwa.

Kuna wanaoziba kwa mkanda, kama gari letu, na hao ni wajinga wa kwanza, maana mkaguzi mwenye macho hufungua swichi na kuona kwamba taa moja haikuwaka na wenzake. Kuna wajanja zaidi wanaouunganisha waya wa taa hii na ule wa taa ya oili, ziwake pamoja na kuzimika pamoja. Kuna wanaoung'oa mfuko kabisa na kutia rizista ndogo mahali pake, chombo kidhani mfuko upo. Na kuna wanaokuja na mashine ya kusoma makosa asubuhi ya ukaguzi, wakafuta kumbukumbu yote, taa ikazimika, gari likapita, stika ikatoka, na baada ya wiki moja taa ikawaka tena njiani Amagoro. Huyu wa mwisho ndiye anayetudanganya vizuri kuliko wote, kwa maana ana mashine na ana risiti. Mashine ile ile, kama angeitumia kusoma kabla ya kufuta, ingemwonyesha ni mzunguko upi wa waya wenye taabu. Mashine haina hatia. Alilipwa ili afute, naye akafuta.

Wengine husema mkaguzi hutazama breki, matairi, taa za mbele na usukani, wala hasumbuki na kataa haka. Na iwe hivyo. Sisi hatupandi gari pamoja na mkaguzi. Yeye hukaa nalo kwa dakika chache mara moja kwa mwaka, sisi tunakaa nalo kilomita 30 na kitu kwenda na nyingine kurudi, asubuhi yenye ukungu na usiku wenye mvua, na malori yasiyo na idadi yakielekea mpakani.

Tusije tukadhani basi kwamba kosa hili ni fumbo lisiloweza kujulikana. Dereva wetu ni mtu wa kalamu. Kabla ya kupewa amri ya mkanda mweusi alikuwa amenunua daftari la shilingi chache, na kila taa ilipowaka aliandika tarehe, mahali, usukani umekatwa upande gani, kama mvua inanyesha, na nani ameketi mbele. Ni kama karani wa stesheni anavyoandika kila treni iliyopita. Kwa wiki mbili aliandika mara tisa. Mara saba kati ya hizo usukani ulikuwa umekatwa sana kulia, kama pale tunapozunguka trela zilizopangana mstari barabarani. Na pembeni ameandika kwa herufi ndogo, "honi haikulia."

Mwenzetu mmoja wa kazi za umeme alisoma ukurasa ule akacheka. Akasema honi na mfuko wa hewa vyapitia mahali pamoja. Ndani ya usukani kuna utepe wa nyaya uliovingirishwa kama springi ya saa, na ndiyo sababu mafundi huuita klokispringi. Dereva akikata kona unajikunja, akirudisha unajikunjua, umeme ufike katika usukani unaozunguka pasipo nyaya kusokotana. Baada ya miaka mingi ya kona utepe huchoka ukapasuka ndani, na ncha zake zikawa zagusana usukani ukiwa upande huu na kuachana ukiwa upande ule. Honi yakataa, taa yawaka. Usukani ukinyooka, honi yalia, taa huenda ikazimika. Hakuna uchawi. Daftari la shilingi chache lilisema yote ambayo mkanda mweusi ulikusudiwa kuyaficha.

Na hapo tukastuka tena. Gari lisilo na honi pale Malaba, katikati ya bodaboda, mikokoteni, na watu wanaotembea kati ya trela wakiwa na magunia vichwani! Hilo peke yake lilitosha kulisimamisha.

Kwa madereva wengine watakaosoma: si kila taa ni klokispringi. Ikiwa yawaka kiti cha mbele kikisukumwa, au mzigo ukisokomezwa chini ya kiti, tazameni soketi za manjano zilizo chini yake. Sisi tumekuwa tukisukumia pale spana na minyororo, nasi hatuna haki ya kushangaa. Ikiwa yawaka asubuhi gari likiwa limelala na betri dhaifu, anzeni na betri. Lakini msizishike nyaya hizo za manjano wenyewe. Fundi anayeijua kazi hufungua kwanza waya hasi wa betri na kungoja dakika moja na nusu au zaidi, kwa maana chombo huweka umeme wa akiba unaoweza kuufyatua mfuko hata betri ikiwa imefunguliwa. Wala haupimi mfuko wenyewe kwa mita au kwa taa ya kujaribia. Ukimwona fundi anachokoa usukani huku swichi imefunguliwa na kichwa chake kimeinama juu yake, mwondoe yeye kwanza, gari baadaye. Tena jihadharini na klokispringi iliyong'olewa katika gari kuukuu. Imekwisha kula nusu ya umri wake mahali pengine.

Mwenye gari alikuja Jumatano. Tulimpokea kwa heshima, maana ni mtu mzima na ana watoto wa umri wetu, tukampa kiti na chai.

Tukasema, "Mzee, twaomba taa ile itengenezwe kabla ya ukaguzi."

Akasema, "Vijana wangu, gari linakwenda au haliendi?"

"Linakwenda, Mzee."

"Breki zashika?"

"Zashika."

"Basi ninyi mwataka nini? Mwataka kupanda ndege?"

Tukacheka, maana ni mtu wa maneno. Kisha akasema jambo ambalo hatukulicheka. Alisema kama lazima kutengeneza, basi fedha zitakatwa katika mshahara wa dereva, kwa sababu dereva ndiye ashikaye usukani, na kilichoharibika kimo ndani ya usukani.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Utepe ule umechoka kwa kufanya kazi, na kazi hiyo ni ya mwenye gari. Je, sisi tukatwe mshahara kwa sababu reli imelika chini ya magurudumu? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataja makato ambayo mwajiri ameruhusiwa. Kwa mali iliyoharibika, inaruhusu kiasi cha haki pale tu ambapo uharibifu umetokana na mfanyakazi kuacha wajibu wake kwa kusudi. Kukata kona si kusudi ovu. Kama dereva angeliendesha gari lile moja kwa moja pasipo kukata kona, sasa hivi tungekuwa ziwani.

Tena tazameni alivyowekwa dereva huyu. Akiitii amri ya mkanda na gari likasimamishwa, Sheria ya Trafiki hairuhusu gari bovu kutumika barabarani, na anayeulizwa kwanza ni yeye aliye nyuma ya usukani. Akikataa amri, aambiwa kuna vijana kumi wanaoingoja kazi yake. Akitaka taa itengenezwe, alipe yeye. Njia zote tatu zaishia mfukoni mwake, na kifuani mwake pia, kwa sababu mfuko ule wa usukani ni wake yeye kabla ya kuwa wa mtu mwingine yeyote. Lakini iko njia ya nne. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yampa mfanyakazi wajibu wa kumwarifu mkubwa wake anapoona hatari kubwa iliyo karibu, na mkubwa haruhusiwi kumlazimisha arudi mahali pa hatari kabla haijaondolewa. Mahali pa kazi pa dereva ni kile kiti. Daftari lake ndiyo taarifa yake, nasi tumemsaidia kuinakili kwa barua yenye tarehe, nakala moja ikabaki kwa katibu wa tawi. Maneno ya mdomo hupotea kama moshi wa garimoshi.

Hatusemi mwenye gari ni mtu mbaya. Gari lake ni la mkopo, mafuta yanapanda, na kodi anayolipwa kwa kutubeba haijaongezwa wala hailipwi kwa wakati. Wale wanaolikodi gari hili walitafuta bei ya chini kuliko zote, wakaipata, na sasa twaiona ile bei ilikuwa imetolewa wapi. Imetolewa katika honi. Kwa hiyo lawama yetu haiishii kwake. Inapanda ngazi mpaka kwa aliyetia sahihi mkataba usiosema neno hata moja juu ya hali ya gari, naye hupanda gari jingine.

Na sisi je? Tuseme ukweli wote. Asubuhi ya Jumatatu ile ile, huku tukimwuliza dereva habari za mkanda mweusi, tulikuwa wawili katika kiti cha mbele cha mtu mmoja, na mkanda wa kiti mmoja tumeukalia. Mfuko wa hewa umefanywa uwe msaidizi wa mkanda wa kiti, si badala yake. Mtu aliyeinama karibu na dashibodi pasipo mkanda hupigwa na mfuko ule kwa nguvu ya baruti kabla haujamaliza kufunguka, na mtoto aliyepakatwa mbele yaweza kumwua. Kila mtu aliyepanda Probox kati ya Busia na Malaba anajua jinsi tunavyopangwa kama magunia, lakini hakuna aliyetushika mkono siku ile. Tuliogopa kuchelewa. Tangu juzi tumekubaliana mbele aketi mmoja tu, na anayekosa nafasi angoje gari lirudi. Wawili wamekwisha kununa.

Liko jambo jingine ambalo taa haitatuambia hata ikiwa nzima, nalo lazima tuliseme, mtu asije akadhani taa ikizimika kwa haki mambo yote yamekwisha. Katika reli tunazo fataki, zile zinazowekwa juu ya reli ili treni inayokuja izilipue na dereva wake asikie hatari. Kila fataki imepigwa mwaka wake, na hutunzwa mahali pakavu, kwa maana baruti huzeeka. Baruti ya mfuko wa hewa nayo huzeeka. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza makopo ya mifuko yenye baruti ya amonia naitreti, na mengi hayakutiwa dawa ya kunyonya unyevu. Miaka ya joto na unyevu ikaiharibu baruti ile, ikawa siku ya ajali yawaka kwa ukali kupita kiasi, kopo la chuma likapasuka, na vipande vyake vikampiga dereva shingoni na usoni. Marekani peke yake wamekufa watu zaidi ya 20. Makopo kama milioni 100 yaliitwa yarudishwe duniani kote, na kampuni ikafilisika mwezi wa Juni 2017. Joto na unyevu, ndugu zetu! Ni nani kati yetu anayeishi huku karibu na Ziwa Victoria asiyevijua?

Magari yetu mengi yalikuja yakiwa yametumika kule Japani. Kanuni ya viwango KS 1515 hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, lakini likiisha kuingia laweza kuishi miaka mingine mingi, hata wajukuu wa mnunuzi wakalipanda. Barua za kampuni za kumwita mwenye gari hazitalifuata mpaka Busia. Lakini namba ya chasisi iko, na watengenezaji wameweka katika intaneti mahali pa kuulizia namba hiyo kama gari lilikuwa na kopo la kubadilishwa na kama lilibadilishwa. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuuliza kwa dakika tano. Namba ya gari letu tumekwisha kuiandika, na majibu tutayabandika hapa hapa tawini.

Na wale wanaosema kwamba twadai mambo ya Wazungu, wajue kwamba huko Japani gari hili lilikotoka, tangu Februari 2017 gari likifika ukaguzini taa ya mfuko wa hewa ikiwa imewaka halikaguliwi, larudishwa likatengenezwe kwanza. Tangu Mei 2018 magari yenye makopo ya Takata ya hatari zaidi yasiyobadilishwa hayapitishwi pia. Uingereza nako taa hii ikionyesha kasoro gari limeanguka. Basi gari lile lile, taa ile ile, waya ule ule. Kilichobadilika ni watu walioketi ndani.

Tumemwandikia mwenye gari, na nakala kwa wanaolikodi. Tumeomba klokispringi mpya itiwe na fundi ajuaye kazi hiyo, kosa lisomwe katika mashine na kuandikwa kabla ya kufutwa, na karatasi hiyo ionyeshwe kwa dereva. Gharama isiguse mshahara wake. Gari liendeshwe siku saba baada ya matengenezo, dereva akiendelea kuandika katika daftari, ndipo liende kukaguliwa. Kama siku ya ukaguzi ni karibu kuliko hapo, siku isogezwe, na siku hizo tubebwe na gari jingine. Chama kimeomba pia hali ya gari itajwe katika mkataba ujao wa kukodi, na wanachama watakaotaka kutoa maneno yao juu ya jambo hili waje mkutanoni Jumamosi saa nane baada ya zamu.

Ijumaa asubuhi dereva aliubandua ule mkanda mweusi mbele yetu, na taa ikawaka tulipopita Adungosi kama kawaida yake. Mkanda wenyewe tumeubandika katika ubao wa matangazo wa tawi, chini ya orodha ya zamu.